Namna ya Kuongoza Kikundi cha Kusoma Habari za Dola ya Qin: Jinsi China Ilivyounganishwa na Kutawaliwa

Kila anayekusudia kuwafundisha watu wazima habari za dola ya Qin, iliyounganisha China mwaka 221 KK na kuanguka mwaka 206 KK, hushawishika kuanza na askari wa udongo, kuendelea na Ukuta Mkuu, kisha kumalizia na mfalme katili aliyechoma vitabu. Mambo hayo matatu yanavutia na picha zake hupatikana kwa urahisi, lakini msikilizaji aliyeyasikia yote bado hajapata jibu la swali la msingi: iliwezekanaje watu wa falme saba, zilizopigana kwa zaidi ya miaka 200, wakawekwa chini ya serikali moja, wakaandikishwa kaya kwa kaya, wakatozwa kodi na kupimiwa nafaka kwa kipimo kimoja? Mwongozo huu unafuata njia nyingine, ambayo naiamini kwa dhati. Unaanza na kipimo cha nafaka, unapita kwa karani wa wilaya, na mfalme mwenyewe anaingia baadaye, akiwa juu ya kazi ambayo sehemu kubwa ilikwisha kufanywa kabla hajazaliwa.

Nimeuandika kwa ajili ya viongozi wa vikundi vya kusoma hapa Tanga, hasa vile vinavyokutana jioni katika baraza za Ngamiani au katika chumba cha kuazima, ambamo kijana aliyemaliza kidato cha nne huketi pamoja na muuza nafaka na mstaafu wa reli. Wasikilizaji wa namna hii hawafanyi mtihani, na kwa sababu hiyo hawaridhiki na majibu ya kukariri.

Maandalizi

Utahitaji vikao vitano au sita vya jioni. Andaa ramani uliyoichora mwenyewe kwa mkono kwenye karatasi kubwa, kwa sababu ramani ya kuchora hukuruhusu kuacha yasiyohusika. Chora mto Huang He, mto Wei unaoingia humo kutoka magharibi, na mto Yangtze upande wa kusini. Kisha andika majina ya falme saba, yaani Qin upande wa magharibi kwenye bonde la mto Wei, na Han, Zhao, Wei (ufalme, si mto wenye jina hilo), Chu, Yan na Qi upande wa mashariki, kaskazini na kusini. Tia alama mji wa Xianyang, makao makuu ya Qin, ulio jirani na mji wa leo wa Xi'an. Zaidi ya ramani, tafuta ndoo ya lita 20, kikombe kimoja cha chai na kilo kadhaa za mchele.

Kabla ya kikao cha kwanza, jitayarishe kwa swali ambalo hapa pwani haliepukiki. Kuna atakayetaja vipande vya kauri za Kichina vilivyopatikana katika magofu ya Tongoni, au ya Kaole kule Bagamoyo, naye atataka kujua kama vililetwa na watu wa Qin. Mjibu kwa heshima lakini bila kuyumba kwamba Qin ilianguka zaidi ya miaka 1,500 kabla ya siku za ustawi wa Tongoni, na kwamba kauri zile ni za enzi nyingine za China zilizofanya biashara ya bahari. Swali hilo lisipofungwa mapema, kikundi kitaendelea kutafuta undugu usiokuwepo, na jioni nzima itapotea.

Kikao cha kwanza: kipimo

Mwombe kila mshiriki aje na chombo anachotumia kupimia nafaka nyumbani au dukani kwake. Yatakuja makopo, bakuli, vibaba vya plastiki na vikombe vya bati. Pima mchele uleule kwa vyombo hivyo vyote, kila mwenye chombo akisema chake ni kibaba kamili, nawe andika ubaoni tofauti zinazojitokeza. Waachie wafanyabiashara wazungumze, maana wao ndio wanaolijua jambo hili kwa undani: watakueleza juu ya lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kichwa hadi mkulima auze zaidi ya gunia kwa bei ya gunia moja, na watakueleza kwa nini serikali imeikataza na kwa nini imekuwa vigumu kuitokomeza. Usiharakishe mazungumzo haya. Mtu ambaye hajatafakari nani anafaidika kipimo kisipokuwa kimoja hataelewa kwa nini dola ya kale iliona kipimo kuwa kazi yake.

Kisha waeleze juu ya chombo kimoja cha bronzi kilichohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Shanghai. Ni kisanduku kidogo cha pembe nne chenye mpini, chenye ujazo wa karibu mililita 200, sawa na kikombe cha chai ulichokuja nacho. Ubavuni kimechongwa maandishi yanayosema kwamba katika mwaka wa 18 wa mtawala wa Qin wa wakati huo, yaani mwaka 344 KK, waziri Shang Yang aliamuru ujazo huo uwe sheng moja, na ukubwa wake ukatajwa kwa hesabu kamili, yaani sun 16 na sehemu moja ya tano za ujazo, sun ikiwa kipimo cha urefu wa takribani sentimita 2.3 ambacho Wachina wenyewe hukiita cun. Chini ya kitako cha chombo hichohicho yamechongwa maandishi mengine, yaliyoongezwa mwaka 221 KK, ambayo ni amri ya mfalme mkuu baada ya ushindi: kwamba amewaunganisha watawala wote wa dunia, kwamba watu wamepata amani, na kwamba mawaziri wake wawili wahakikishe kila kipimo kisicho sawa au chenye shaka kinafanywa kuwa wazi na kimoja.

Baina ya maandishi hayo mawili kuna miaka 123. Rudia jambo hili mara mbili, maana hapo ndipo ulipo moyo wa somo. Mfalme aliyeunganisha China hakubuni kipimo kipya. Alichukua kipimo ambacho watu wa nchi yake walikwisha kukizoea kwa vizazi vinne au vitano, akawapelekea wengine wote, na chombo kilekile kikathibitishwa upya kwamba bado ni sahihi.

Malizia kikao kwa hesabu ya vitendo. Sheng 10 zilifanya dou moja, ya karibu lita 2, na dou 10 zilifanya kipimo cha karibu lita 20, yaani ndoo yako. Sheria za ghala za Qin ziliagiza kwamba mtumwa wa serikali mwanamume apewe vipimo viwili vya namna hiyo vya nafaka isiyokobolewa kwa mwezi, na mwanamke kimoja na nusu. Waonyeshe ndoo mbili, kisha waulize wangemlishaje mtu anayefanya kazi nzito kwa kiasi hicho baada ya nafaka kukobolewa na makapi kuondolewa. Watu wa Tanga wanajua kupika kwa kukadiria. Majibu yao yatakuwa ya kweli zaidi kuliko maelezo yoyote utakayowapa.

Kikao cha pili: Shang Yang na sheria zake

Shang Yang alikuwa mgeni katika nchi ya Qin, aliyepata kibali kwa mtawala Xiao, na kuanzia mwaka 356 KK alianza kuitengeneza upya nchi ile. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba kabla ya kutangaza sheria zake, Shang Yang alisimamisha gogo lenye urefu wa karibu mita 7 kwenye lango la kusini la soko la mji mkuu, akaahidi vipande 10 vya dhahabu kwa yeyote atakayelibeba hadi lango la kaskazini. Watu waliona ni jambo la ajabu, hakuna aliyethubutu. Akapandisha zawadi hadi vipande 50. Mtu mmoja akalibeba, naye akalipwa papo hapo. Ndipo sheria zikatangazwa. Simulia kisa hiki polepole, halafu uliza: kwa nini serikali yenye askari na mijeledi iliona inahitaji kwanza kuaminiwa kwamba italipa?

Yaliyofuata ni mazito, na yanastahili kuelezwa kwa mpangilio. Kaya ziliandikishwa katika makundi ya tano na kumi, na kila kundi liliwajibika kwa makosa ya wenzao: aliyejua uhalifu akanyamaza aliadhibiwa vikali, aliyeripoti alitunzwa. Kaya yenye wanaume wazima wawili au zaidi ambao hawakutengana ilitozwa kodi maradufu, ili kila mwanamume awe na kaya yake, shamba lake na jina lake katika daftari. Cheo kilitolewa kwa ujasiri wa vitani, hata kichwa kimoja cha adui kikawa na thamani ya daraja moja katika ngazi zilizofikia 20, na kila daraja likaja na ardhi na heshima; jamaa wa ukoo wa mtawala asiye na sifa za vitani alipoteza nafasi yake katika orodha ya ukoo. Vijiji na miji midogo vilikusanywa kuwa wilaya zilizosimamiwa na maofisa wa kuteuliwa, na mwaka 350 KK makao makuu yakahamishiwa Xianyang.

Hapa atatokea mzee atakayesema kwamba makundi hayo ni sawa na balozi wa nyumba kumi. Usimkatishe, maana ufanano upo: zote mbili ni njia za serikali kuufikia mlango wa kila nyumba. Lakini mwoneshe tofauti iliyo kubwa. Katika Qin, jirani aliadhibiwa kwa kosa la jirani. Kwa hiyo udugu wa mtaani, ambao mahali pengi humkinga mtu dhidi ya serikali, uligeuzwa kuwa jicho la serikali. Nadhani hili ndilo jambo la kutisha zaidi katika habari zote za Qin, kuliko kuzikwa kwa wanazuoni na kuliko ukuta, na kiongozi wa kikundi asilipite kwa haraka.

Mtawala Xiao alipofariki mwaka 338 KK, maadui wa Shang Yang walimgeukia, naye akakimbia. Inasemekana alifika kwenye nyumba ya wageni akaomba malazi, mwenye nyumba asimtambue, akamkatalia kwa sababu sheria ya Shang Yang ilikataza kumpokea mgeni asiye na hati. Aliuawa, na mwili wake ukararuliwa na magari ya farasi. Waliomuua hawakuzifuta sheria zake.

Kikao cha tatu: mabishano ya mwaka 221 KK

Ushindi wenyewe ueleze kwa dakika chache tu. Zheng, mfalme wa Qin aliyekuja kuiunganisha China, aliyezaliwa mwaka 259 KK na kurithi kiti mwaka 246 KK akiwa kijana wa miaka 13, alishuhudia majeshi yake yakiiangusha Han mwaka 230, Zhao mwaka 228, Wei mwaka 225, Chu mwaka 223, Yan mwaka 222 na Qi mwaka 221. Ongeza kwamba vita vile vililishwa na kilimo: mabonde ya Sichuan yaliyotekwa mwaka 316 KK na baadaye kumwagiliwa kwa kazi za Dujiangyan, pamoja na mfereji wa Zheng Guo kaskazini mwa mto Wei, ambao mhandisi wake alitumwa na ufalme wa Han ili kuichosha Qin kwa kazi kubwa, naye alipogunduliwa akasema mfereji ukikamilika utaifaa Qin yenyewe. Wakamwacha aumalize.

Kisha gawa kikundi pande mbili. Baada ya ushindi, waziri mkuu Wang Wan alishauri kwamba nchi za mbali za Yan, Qi na Chu haziwezi kushikwa kutoka Xianyang, hivyo wana wa mfalme wapewe wazitawale. Li Si, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa mashauri ya sheria, alipinga. Alikumbusha kwamba wafalme wa Zhou, enzi iliyotangulia, waliwagawia jamaa zao nchi, na baada ya vizazi vichache jamaa hao wakawa wanashambuliana kama maadui. Upande mmoja wa kikundi umtetee Wang Wan na mwingine Li Si, na usiwaambie nani alishinda mpaka hoja ziishe. Waonye kwamba wasitumie maneno ya jumla kama "umoja ni nguvu". Wataje umbali, muda wa mjumbe kusafiri, nani atakusanya nafaka na nani atamzuia mwenye jeshi.

Mfalme alimfuata Li Si. Nchi yote iligawanywa katika majimbo 36, ambayo baadaye yaliongezeka, na kila jimbo likapewa watu watatu: gavana wa mambo ya raia, kamanda wa jeshi, na mkaguzi aliyeripoti makao makuu. Hakuna aliyerithi cheo hicho wala kumwachia mwanawe. Sima Qian anaongeza kwamba silaha za falme zilizoshindwa zilikusanywa Xianyang na kuyeyushwa, zikafanywa sanamu 12 kubwa pamoja na kengele, na kwamba familia tajiri 120,000 zilihamishiwa mji mkuu. Idadi hiyo ichukue kwa tahadhari, lakini nia yake iko wazi: wakubwa wa zamani waondolewe mahali ambapo majina yao yalikuwa na uzito. Zheng mwenyewe akachukua jina la Shi Huangdi, Mfalme Mkuu wa Kwanza, akitarajia wa pili, wa tatu, hadi wa elfu kumi.

Mambo mengine ya kuunganisha yanatosha kutajwa kwa ufupi katika kikao hichohicho. Sarafu ya banliang, ya duara yenye tundu la mraba, iliwekwa badala ya sarafu zenye umbo la kisu za Qi na Yan, zenye umbo la sepetu za nchi za kati, na zile ndogo za Chu zilizofananishwa na simbi. Upana wa ekseli za magari ukawekwa mmoja, na kuanzia mwaka 220 KK zikajengwa barabara kuu kutoka Xianyang. Maandishi ya falme mbalimbali yalisawazishwa kwa kufuata ya Qin. Lugha za kusemwa ziliachwa zilivyo, lakini amri iliyoandikwa Xianyang ikawa inasomeka na karani wa Chu. Kama kuna mshiriki ambaye nyumbani kwao zimesalia barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwombe alete moja, ili kikundi kione jinsi maandishi yanavyoweza kumfungia mtu nje ya maneno ya babu yake mwenyewe.

Kikao cha nne: karani aliyezikwa na sheria

Kikao hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Ukiwa na muda wa vikao viwili tu, basi fanya cha kipimo na hiki.

Mwishoni mwa mwaka 1975, wanakijiji waliokuwa wakichimba mfereji mahali paitwapo Shuihudi, wilaya ya Yunmeng katika mkoa wa Hubei, walikuta makaburi ya kale. Katika kaburi namba 11 alilala mtu aliyeitwa Xi, aliyezaliwa mwaka 262 KK na kufariki karibu na mwaka 217 KK, karani wa serikali ya Qin aliyewahi pia kushughulikia mashauri ya jinai. Ndani ya jeneza lake vilikuwapo vibanzi vya mwanzi zaidi ya 1,100 vilivyoandikwa kwa wino: sheria, mifano ya mashauri, maelekezo ya uchunguzi, na kumbukumbu ya miaka ambamo vita vya Qin vimeandikwa bega kwa bega na kuzaliwa kwa watoto wake. Kabla ya hapo, karibu kila kilichojulikana juu ya sheria za Qin kilitoka kwa waandishi wa enzi iliyofuata, ambao walikuwa na sababu ya kuisema Qin vibaya.

Waandikie washiriki sheria chache kwenye karatasi, kila mtu asome moja kwa sauti. Chagua zinazogusa kazi wanazozijua. Mvua ikinyesha wakati mazao yanatoa masuke, afisa aandike ripoti mara moja ya ukubwa wa mashamba yaliyofaidika. Wilaya za karibu zitume ripoti kwa wapiga mbio, za mbali kwa posta ya serikali. Ng'ombe wa serikali wa kulima wakipungua unene, msimamizi achapwe fimbo kumi kwa kila sun moja ya mzingo wa mwili iliyopungua. Jiwe la mizani la karibu kilo 30 likikosea kwa robo kilo au zaidi, afisa anayehusika atozwe faini ya thamani ya deraya moja. Likikosea kwa nusu ya hapo na kuendelea, faini ya ngao moja.

Wakishasoma, waulize ni nani hasa anayeogopeshwa na sheria hizi. Wengi watatarajia jibu liwe mkulima, lakini katika sehemu kubwa ya vibanzi vile anayetishiwa ni mtumishi wa serikali mwenyewe: mtunza ghala, msimamizi wa ng'ombe, mwenye mizani. Li Si angeweza kumtuma gavana mahali ambapo hakuna anayemjua kwa sababu chini yake palikuwa na makarani waliojua kwamba kila gunia na kila ng'ombe vitahesabiwa na mtu mwingine.

Kisha wasimulie juu ya kaburi la jirani, namba 4, ambamo zilipatikana barua mbili zilizoandikwa kwenye mbao na ndugu wawili, Heifu na Jing, askari wa Qin waliokuwa vitani dhidi ya Chu. Wanamwandikia ndugu yao Zhong aliyebaki nyumbani, wakimwulizia mama hali, wakiomba fedha na nguo za msimu wa joto. Heifu anasema kama kitambaa ni rahisi kwao basi mama amshonee na kumtumia nguo, na kama ni ghali atume fedha tu, atanunua hukohuko. Jing anahitaji sarafu 500 hadi 600, anasema amekwisha kutumia fedha za mtu aitwaye Yuan Bo, na wasipomtumia kutoka nyumbani atakufa. Jeshi lililounganisha China lilivaa nguo zilizoombwa kwa mama. Nimeona watu waliokaa kimya vikao vyote wakiongea baada ya kusikia barua hizi.

Kama muda upo, ongeza kisima cha Liye, mkoani Hunan, kilichofunguliwa mwaka 2002 na kutoa vibanzi zaidi ya 36,000 vya ofisi ya wilaya ndogo ya milimani iliyoitwa Qianling. Humo mna daftari za kaya, kumbukumbu za barua zilizoingia na kutoka, na jedwali la kuzidisha linaloanza na tisa mara tisa, themanini na moja.

Namna ya kushughulikia yanayosemwa sana

Usitenge kikao kizima kwa ajili ya kurekebisha yaliyozoeleka. Yarekebishe kila yanapojitokeza. Ukuta wa mawe na matofali unaoonekana kwenye picha nyingi ni kazi ya enzi ya Ming, miaka zaidi ya 1,500 baadaye. Ukuta wa Qin, uliosimamiwa na jemadari Meng Tian baada ya kampeni yake ya mwaka 215 KK dhidi ya Xiongnu, watu wahamaji wa kaskazini, kwa sehemu kubwa ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa na wa mawe ya mahali, na uliunganisha kuta za zamani za falme za kaskazini. Amri ya kuchoma vitabu ya mwaka 213 KK iliacha vitabu vya tiba, kilimo na ubashiri, na nakala za wanazuoni wa ikulu zilihifadhiwa. Lengo lake lilikuwa kuwanyima watu wa kawaida silaha ya kuikosoa leo kwa kutumia jana, na hilo lilikuwa ovu la kutosha bila kulitia chumvi. Habari ya wanazuoni 460 waliouawa kwa kuzikwa mwaka uliofuata imetoka kwa Sima Qian, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye chini ya watawala wa Han, enzi iliyoifuata Qin (si ufalme ule wa Han ulioangushwa mwaka 230 KK), na wapo wanahistoria wanaoitilia shaka.

Mfano bora wa kuwafundisha watu kupima ushahidi ni uasi wa mwaka 209 KK. Sima Qian anasema Chen Sheng na Wu Guang, wakiwa katika kundi la watu 900 waliopelekwa kulinda mpaka, walizuiwa na mvua kubwa, na kwa kuwa adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo, wakaona heri kuasi. Lakini sheria ya kazi za lazima iliyokutwa katika kaburi la Xi inasema aliyechelewa siku tatu hadi tano atakemewa, siku sita hadi kumi faini ya ngao moja, zaidi ya kumi faini ya deraya moja, na mvua ikizuia kazi, wito unafutwa. Weka maelezo haya mawili mezani bila kuyapatanisha. Washiriki wako watauliza wenyewe kama sheria ya jeshi ilikuwa tofauti na ya kazi za kawaida, kama sheria zilikazwa chini ya mfalme wa pili, au kama Chen Sheng aliwaambia wenzake uongo ili waasi. Maswali yote matatu ni halali.

Kikao cha mwisho: kuanguka na kilichobaki

Shi Huangdi alifariki safarini mwaka 210 KK, mahali paitwapo Shaqiu. Towashi Zhao Gao na Li Si, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, walificha kifo hicho, wakapakia samaki wa kunuka kwenye magari ili harufu ya maiti isitambulike, na wakaghushi waraka ulioamuru mwana mkubwa, Fusu, ajiue. Fusu alikuwa mpakani pamoja na Meng Tian na majeshi yake, ambayo Sima Qian anayataja kuwa watu 300,000. Meng Tian alimsihi aombe uthibitisho kwanza. Fusu aliuona muhuri, akajiua. Kaa hapa na kikundi chako kwa muda, kwa sababu ndipo udhaifu wa dola nzima unapoonekana: serikali iliyowazoeza watu wote kutii hati yenye muhuri haikuwa na kinga dhidi ya hati yenye muhuri iliyoandikwa na mwongo.

Miaka minne baadaye Qin haikuwapo tena. Liu Bang, mmoja wa viongozi wa waasi, alipoingia Xianyang, Sima Qian anasema majemadari wake walikimbilia hazina za dhahabu na vitambaa, lakini Xiao He, aliyewahi kuwa karani wa wilaya chini ya Qin, alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi za waziri mkuu akachukua ramani, sheria na daftari za kaya. Kwa daftari hizo Liu Bang alijua ngome ziko wapi, mahali gani pana watu wengi na wapi pana njaa, na enzi ya Han aliyoiasisi ikadumu takribani miaka 400, ikiendelea kutumia wilaya, majimbo, vipimo na makarani wa Qin.

Jambo moja Han haikulichukua lote. Upande wa magharibi Liu Bang aliweka majimbo ya kuteuliwa kama Li Si alivyotaka, na upande wa mashariki akaanzisha falme, nyingi zikaishia mikononi mwa ndugu zake, kama Wang Wan alivyoshauri. Mwaka 154 KK falme saba kati ya hizo ziliasi pamoja, zikashindwa ndani ya miezi michache, na muda si mrefu wafalme wakanyang'anywa haki ya kuteua maofisa wao wakubwa. Waambie washiriki habari hii mwishoni kabisa, kisha wape nafasi ya kwanza ya kuzungumza wale waliomtetea Wang Wan katika kikao cha tatu, maana bado wanaweza kujibu kwamba Qin yenye majimbo peke yake ilidumu miaka 15 tu, nayo Han ya mchanganyiko ilikwisha kudumu zaidi ya 50 kabla uasi ule haujatokea.